Kubadilisha waya na vifaa vya ndani vya gitaa la umeme

Mtu akichoka na sauti ya gitaa lake la umeme, jambo la kwanza linalomjia ni kununua pikapu mpya. Ushauri wangu ni kufungua kwanza bamba la plastiki na kuangalia kilicho chini yake. Ni kweli pikapu ndiyo inayonasa mtetemo wa nyuzi, lakini kabla ishara yake haijafika kwenye amplifaya inapita kwenye swichi, poti (vifaa vya kuzungusha) za voliamu na toni, kapasita na jeki (tundu la kebo), na kila kimoja kati ya hivyo kina mkono wake katika sauti unayoisikia. Magitaa mengi yanayolaumiwa kwamba yana pikapu mbovu yana pikapu nzuri tu zilizofungiwa vifaa dhaifu.

Mwongozo huu unafuata gitaa la mtindo wa Stratocaster: pikapu tatu za koili moja, swichi ya nafasi tano, voliamu moja na toni mbili. Tutafunga poti mpya, tutazuia sauti kufifia makali unapopunguza voliamu, tutaipa pikapu ya darajani toni yake, kisha tutaongeza milio miwili ambayo gitaa halikutoka nayo kiwandani. Wenye gitaa la hambaka (pikapu ya koili mbili) wana sehemu yao karibu na mwisho.

Elewa kwanza kinachotokea humo ndani

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba sana, unene wa kama milimita 0.06, mizunguko maelfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, mkondo mdogo unazaliwa kwenye koili. Mkondo huo ni dhaifu, ndiyo maana vifaa vinavyofuata vinaweza kuuharibu kirahisi.

Poti ya voliamu ina miguu mitatu. Miguu miwili ya pembeni ni ncha za njia ya kaboni, na wa katikati unateleza juu ya njia hiyo. Hata ukiifungua voliamu hadi 10, ile njia yote ya kaboni bado inaunganisha ishara na ethi (upande wa ardhi, ambako mkondo hurudi), na sehemu ndogo ya ishara, hasa ile ya juu yenye makali, inavuja kupitia hapo. Poti ya kiloomu 250 inavujisha zaidi ya ile ya kiloomu 500. Kwa hiyo pikapu za koili moja, ambazo kwa asili zina makali mengi, hufungiwa kiloomu 250 ili zisiumize masikio, na hambaka, ambazo ni nzito, hufungiwa kiloomu 500 ili zisizibe. Ukibadilisha namba hiyo tu, bila kugusa kitu kingine, utasikia tofauti.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Poti nyingi zina uhuru wa asilimia 20 juu au chini ya namba iliyoandikwa. Poti ya 250 inaweza kuwa 200 au 300, na zote mbili zikahesabiwa kuwa nzima. Nunua mbili au tatu zaidi ya unazohitaji, uzipime kwa multimita kati ya miguu ya pembeni, kisha uchague. Ukitaka gitaa ling'ae, yenye namba kubwa iende kwenye voliamu. Nikilinganisha na pesa watu wanazomwaga kwenye kapasita za kifahari, upimaji huu wa dakika tano una faida zaidi.

Toni nayo ni poti pamoja na kapasita. Kapasita huruhusu sauti za juu zipite kuelekea ethi, na poti inaamua ni kiasi gani. Thamani ya kapasita ndiyo yenye uzito: mikrofaradi 0.047 hukata hadi chini zaidi kuliko 0.022. Aina yake, iwe ya plastiki au ya kauri, sijawahi kuona sababu ya kuitolea pesa nyingi. Volti 50 zinatosha na kubaki, kwa sababu ishara ya gitaa ni ndogo mno.

Vifaa vya kuandaa

Poti mbili za kawaida za kiloomu 250, na ya tatu ya aina ya kuvuta na kusukuma, nayo ya kiloomu 250. Kwa watengenezaji wengi herufi A ndiyo ya mpandisho wa taratibu unaofuata masikio, na B ni ya mpandisho ulionyooka. Kwa voliamu na toni chukua A. Kapasita moja ya mikrofaradi 0.022 (imeandikwa 223) na moja ya 0.047 (473). Kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.001 (102) na rezista ya kiloomu 150. Swichi mpya ikiwa ya zamani inakwaruza, waya laini wa nyuzinyuzi, utepe wa shaba wenye gundi inayopitisha umeme, multimita, bisibisi, koleo la kukatia na kibano kidogo.

Chuma cha kulehemia kiwe cha wati 40 hadi 60. Watu hununua kidogo wakidhani ni salama zaidi, kumbe chuma dhaifu hukulazimisha kukiacha muda mrefu juu ya poti hadi joto linaenea ndani na kuiharibu. Lehemu iwe ya vifaa vya elektroniki, yenye fluksi ya utomvu katikati yake. Usitumie fluksi ya tindikali ya mabomba, itakula waya zako polepole. Lehemu ya kawaida ina risasi, kwa hiyo fanya kazi penye hewa na unawe mikono kabla ya kula.

Kabla hujakata waya hata mmoja

Chomeka kebo kwenye gitaa, ncha ya pili usiiingize kwenye amplifaya. Fungua voliamu hadi 10, weka multimita kwenye ncha na kwenye shina la plagi ya kebo, upime ukinzani katika kila nafasi ya swichi na uandike. Pikapu moja ya aina hii husoma takriban kiloomu 5.5 hadi 6.5. Pikapu mbili kwa pamoja, kwa kuwa zimeungwa kwa usambamba, zitasoma kama nusu ya hapo. Namba hizi ndizo zitakazokuambia baadaye kama umefunga sawasawa, na pia zitakuonyesha mapema kama kuna pikapu iliyokufa.

Legeza nyuzi, zitoe, fungua skrubu za bamba na uligeuze taratibu. Piga picha nyingi, kutoka juu na kutoka pembeni, rangi za waya zionekane. Kisha chora mchoro kwa mkono. Picha inaonyesha waya ulipo, lakini ni mchoro unaokulazimisha kuelewa unakwenda wapi na kwa nini, na ukishauelewa hutahitaji kunakili mchoro wa mtu mwingine bila kujua unachofanya.

Ndani ya mwili wa gitaa utaona waya unaotokea tundu la springi za daraja. Huo ni waya wa ethi wa nyuzi, na usiupoteze wala kuukata mfupi. Pia angalia kina cha tundu: poti ya kuvuta ni ndefu kuliko ya kawaida, na ni afadhali ujue sasa kama itaingia.

Utepe wa shaba

Pikapu ya koili moja hupokea kelele za aina mbili. Moja ni mkwaruzo wa juu unaotoka kwenye taa, chaja na vifaa vya umeme vilivyo karibu. Huo huzuiwa na shaba. Nyingine ni mvumo mzito wa herzi 50 au 60 unaotoka kwenye transfoma kwa njia ya usumaku, na huo shaba haiuzuii. Nasema hivi mapema ili usije ukavunjika moyo kwa kufunika kila kona na bado ukasikia mvumo.

Bandika utepe kwenye sakafu na kuta za tundu, vipande vipandiane kidogo kingo, na ncha moja ipande juu hadi pale skrubu ya bamba inapokaa, ili iguse shaba utakayoibandika nyuma ya bamba. Weka multimita kwenye alama ya mlio na uguse kipande hadi kipande. Kisipolia, tia tone la lehemu kwenye kiungo. Halafu lehemu waya mmoja kwenye shaba hiyo. Utakwenda kwenye ethi. Sehemu yoyote ambayo mguu wenye ishara unaweza kugusa ukuta, hasa kwenye tundu la jeki, funika kwa utepe wa plastiki. Gitaa lililonyamaza kabisa baada ya kazi hii mara nyingi limenyamazishwa na mguu wa jeki ulioegemea shaba.

Kulehemu poti

Funika mbao za gitaa kwa kitambaa kinene. Tone moja la lehemu likiruka juu ya rangi linaacha kovu la kudumu.

Mgongo wa poti ndio unaowashinda wengi. Ukwaruze kwanza kwa msasa hadi ung'ae, kwa sababu lehemu haishiki juu ya mafuta na kutu. Weka ncha ya chuma ikiwa bapa, si kwa kilele chake, subiri sekunde mbili au tatu, kisha gusisha lehemu kwenye mgongo wa poti, si kwenye chuma. Ikiyeyuka na kutanda kama maji, joto limefika. Ondoa chuma, acha kidimbwi kidogo. Tia lehemu pia kwenye ncha ya waya peke yake. Sasa viunganishe: waya juu ya kidimbwi, chuma juu ya waya, sekunde mbili, ondoa, na usitikise hadi lehemu igande. Kiungo kizuri kinang'aa na kingo zake zimelala. Kilichovimba kama shanga au kupauka kama majivu hakijashika, kirudie.

Kuunganisha

Geuza poti mgongo ukutazame na miguu ielekee chini. Kwa voliamu, mguu wa kushoto ni wa ishara inayoingia, wa katikati unatoka kwenda jeki, wa kulia unakunjwa na kulehemewa kwenye mgongo wa poti yenyewe. Mgongo huo ndio utakuwa kituo kikuu cha ethi: waya za ethi za pikapu tatu, migongo ya toni mbili, waya wa shaba, waya wa springi na shina la jeki, vyote viishie hapo.

Kati ya mguu wa kushoto na wa katikati wa voliamu, lehemu kapasita ya 102 na rezista ya kiloomu 150, zikiwa sambamba. Ukipunguza voliamu, ukinzani wa poti na uwezo wa kebo wa kuhifadhi chaji, ambao kwa kawaida ni kama pikofaradi 100 kwa kila mita, hushirikiana kumeza sauti za juu. Kapasita hii huzipatia njia ya mkato. Mwenye kuchezea voliamu katikati ya wimbo ataishukuru kazi hii kuliko zote.

Sasa swichi. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 swichi yake ilikuwa na nafasi tatu tu. Wapigaji waligundua kwamba wakiukwamisha mkono wa swichi katikati ya nafasi wanapata milio ya pikapu mbili kwa pamoja, na mwaka 1977 Fender, kampuni inayoitengeneza, ikaweka swichi ya nafasi tano.

Swichi ya wazi ina safu mbili za miguu minne. Katika kila safu mguu mmoja ni wa pamoja, na mitatu ni ya nafasi za shingo, kati na daraja. Safu hizo mara nyingi zimepangwa kinyume, kwa hiyo usiamini macho: weka multimita kwenye mlio, sogeza mkono wa swichi, na uandike kwenye mchoro wako mguu upi unalia na upi katika nafasi gani. Swichi zilizofungwa zenye mstari mmoja wa miguu minane hupimwa vivyo hivyo.

Safu ya kwanza ipokee waya za ishara za pikapu tatu. Mguu wake wa pamoja uende kwenye mguu wa kushoto wa voliamu. Kutoka mguu huohuo peleka waya mfupi hadi mguu wa pamoja wa safu ya pili. Kwenye safu hiyo ya pili, nafasi ya shingo iende mguu wa katikati wa toni ya kwanza, na nafasi ya kati iende mguu wa katikati wa toni ya pili. Nafasi ya daraja kiwandani huachwa tupu, na hapo ndipo ule ukali wa pikapu ya darajani unapozaliwa: haina toni kabisa. Unganisha mguu wa daraja na mguu wa kati kwa kipande kifupi cha waya, na toni ya pili itahudumia zote mbili.

Kwenye kila toni, kapasita ianzie mguu wa kulia na kuishia kwenye mgongo wa poti. Mguu wa kushoto unabaki bila kitu. Mimi huweka 223 upande wa shingo, ambako sauti tayari ni nene na 473 huifanya tope, na 473 kwa toni ya daraja na kati.

Poti ya kuvuta ikae mahali pa toni ya pili. Chini yake ina miguu sita ya swichi, katika safu mbili za mitatu. Unahitaji miwili tu ya safu moja: wa katikati, na ule unaolia nao kwenye multimita poti inapokuwa imevutwa juu. Mmoja uunganishe na mguu wa pikapu ya shingo kwenye swichi kuu, wa pili na mguu wa pamoja wa swichi kuu. Ukivuta, pikapu ya shingo inaongezeka popote swichi ilipo. Katika nafasi ya daraja utapata shingo na daraja pamoja, mlio mpana wenye uwazi ambao wapigaji wa Telecaster, gitaa jingine la Fender, wanaujua vizuri. Katika nafasi ya daraja na kati utapata zote tatu. Nafasi zingine haziongezi kitu kipya.

Jaribu kabla ya kufunga

Rudia vipimo vya mwanzo kupitia kebo. Pikapu ya kiloomu 6 itasoma karibu 5.9, kwa sababu poti imesimama sambamba nayo. Mbili zitasoma karibu 3, na zote tatu karibu 2. Voliamu ikishuka hadi 0, multimita isome sifuri au karibu nayo. Baada ya hapo chomeka amplifaya kwa sauti ndogo na ugonge kila pikapu taratibu kwa bisibisi ya chuma. Mlio wa kugonga utakuambia ipi iko hai katika kila nafasi.

Ukigusa nyuzi au daraja na mvumo ukapungua, ethi iko sawa. Ukiongezeka unapogusa, waya za jeki zimebadilishana. Usipobadilika, waya wa springi haujashika. Pikapu mbili zikiwa pamoja na sauti ikawa nyembamba, ya puani, isiyo na besi, zinapingana fezi (mawimbi yake yanafutana): badilisha waya mbili za pikapu moja kati yao, wa ishara uende ethi na wa ethi uende kwenye swichi. Kwenye seti nyingi pikapu ya kati imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, ndiyo maana mvumo hufa katika nafasi ya pili na ya nne. Katika mlio mpya wa shingo na daraja mvumo utarudi, na hiyo si hitilafu.

Ukipigwa na umeme kutoka kwenye nyuzi, hata kidogo, acha mara moja. Gitaa la kawaida halina umeme wa kukudhuru. Tatizo liko kwenye amplifaya au kwenye ethi ya soketi, na hilo linahitaji fundi umeme.

Kwa wenye hambaka

Hambaka, ambayo Seth Lover aliibuni akiwa kampuni ya Gibson katika miaka ya 1950, ni koili mbili zilizoungwa kwa mfululizo ili mvumo wa moja uue wa nyingine. Ikiwa yako ina waya nne na ethi, unaweza kuigawa iwe koili moja kwa poti ya kuvuta. Waya mbili za katikati, zile zinazounganisha koili, zilehemu pamoja kwenye mguu wa katikati wa swichi, na mguu unaolia wakati wa kuvuta uende ethi. Rangi zinategemea mtengenezaji: kwa Seymour Duncan waya wa ishara ni mweusi, waya za katikati ni mweupe na mwekundu, na wa kijani ni ethi. Kwa DiMarzio ishara ni mwekundu, za katikati ni mweusi na mweupe, na kijani ni ethi. Usichanganye kanuni za mmoja na pikapu ya mwingine. Mgawanyo huu hupunguza nguvu ya sauti kwa kiasi unachokisikia wazi, na hautakupa Stratocaster kamili, lakini kwa kupiga kodi safi nyuma ya mwimbaji unafaa sana.

Pikapu zinazotumia betri ya volti 9 ni habari nyingine kabisa. Nyingi hufungiwa poti za kiloomu 25, na baadhi hazitaki waya wa ethi kwenye daraja. Fuata karatasi iliyokuja nazo.

Kurudisha bamba na nyuzi

Kunja waya zilale bila kubanwa, hasa chini ya swichi na pembeni mwa poti ya kuvuta. Funga skrubu zote kwa kuzipokezana, weka nyuzi, tuni. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho na upime nafasi kati yake na sumaku ya pikapu. Anzia milimita 2.4 upande wa uzi mnene na 2 upande wa uzi mwembamba. Pikapu ikiwa juu sana sumaku huvuta nyuzi, noti za juu kwenye uzi mnene zinayumba kana kwamba gitaa halijatuniwa, na utaanza kulaumu kazi uliyoifanya ndani. Ishushe kwa robo ya mzunguko wa skrubu, sikiliza, na ushushe tena hadi noti itulie.